Watoto wa deikea kuwatoa kwenye chupa waanze kikombe, nyie mnafanyaje?

MamaVitongo

Habari zenu wapendwa, wazoefu wa watoto njooni huku mnisaidie.

Nna kituo kidogo cha kulea watoto mchana hapa nyumbani Tabata, watoto tisa na tupo wawili tu mimi na binti mmoja ananisaidia, wa mwisho kuchukuliwa anaondoka mpaka saa moja usiku mana mama yake anatokea Posta na foleni mnaijua wenyewe. Wale wakubwa hawana neno, wanakula wanacheza wanalala. Kazi ipo kwa hawa wadogo, kuanzia wa miezi minne mpaka mwaka na nusu, wote wanakuja na chupa. Asubuhi meza yangu yote ni chupa, ya huyu maziwa aliyokamua mama, ya huyu maziwa ya kopo, ya huyu uji na chuchu imekatwa kwa wembe ili uji upite, na ya huyu mwingine, mtanisamehe, ni chai ya maziwa imekolea sukari.

Sasa afisa ustawi alipita kukagua, akaona mtoto wa mwaka na nusu kalala na chupa mdomoni, akaniuliza huyu bado ananyonya chupa kwa nini, hao waliofikisha mwaka waanze kikombe na hata hawa wa miezi sita saba waanze kuzoeshwa. Nikasema sawa. Nikaenda Kariakoo nikanunua vile vikombe vya mdomo vyenye mfuniko vya rangi rangi vile, hata ukikigeuza juu chini hakimwagi.

Jamani ni vita. Mmoja kikombe akikiona tu anakipiga kofi. Mwingine anavuta weee haitoki kitu analia. Nikasema basi niwape kikombe cha wazi cha kawaida, ndo wa miezi nane akapaliwa mpaka binti yangu akaanza kutetemeka, na kuna mwingine yeye anajaza maziwa mdomoni halafu anayaachia yote kifuani taratibu huku anakuangalia usoni. Juu ya hapo mama mmoja kanijia juu kwamba mwanae anarudi na njaa, usiku kucha yuko kwenye ziwa, na yale maziwa anayoamka alfajiri kuyakamua mimi nayamwagia kwenye nguo.

Sasa naomba kujua, nianze na nani na mlo gani, kikombe gani hasa kinafaa, huyu anayepaliwa nimuache kwanza au niendelee, na hawa wazazi nawaambiaje mana wengine kwao chupa ndo kila kitu. Na tafadhali msiniambie niongeze wafanyakazi wanne, hela ya kuwalipa sina.

---

BabaPacha_Kimara

Kwani chupa ina ubaya gani jamani? Sisi wengine tumenyonya chupa mpaka tunaingia chekechea na tuko hapa tunalipa kodi ya nyumba. Wa kwangu wawili wanashika chupa wenyewe wanalala, mama yao anapata hata nusu saa ya kuoga. Mtoto akikua ataacha mwenyewe, sijaona mtu anaenda kazini na chupa ya nyonyo. Hawa maafisa wanatafutaga tu cha kuandika kwenye ripoti.

---

NesiMstaafu

Mwanangu MamaVitongo pole na kazi. Na wewe BabaPacha ngoja nianze na wewe, mana swali lako ndo wazazi wengi wanalo ila wanaona haya kuuliza.

Chupa yenyewe kama chupa haiui mtoto, tatizo ni jinsi inavyotumika na muda inaokaa mdomoni. Mtoto wako akilala na chupa ya maziwa au chai ya sukari, ile sukari inabaki inalowesha meno usiku kucha na mate wakati wa usingizi yanapungua, ndo mnaona watoto wa miaka miwili meno ya mbele ya juu yamekuwa kahawia yamelika mpaka kwenye fizi. Wengi wanasema meno ya utoto yatang'oka tu, ila mtoto mwenye jino bovu halali, hali, na meno ya ukubwani yanaweza kuota vibaya. Pili akinywa amelala chali maziwa yanaweza kupanda kwenye kile kinjia kinachounganisha koo na sikio, masikio yanamsumbua mara kwa mara. Tatu, na hili watu hawalijui, mtoto aliyefikisha mwaka akiwa na chupa mkononi kutwa anajaza tumbo maziwa, chakula hataki, na maziwa ya ng'ombe madini ya chuma ni kiduchu sana, ndo unakuta mtoto mnene mashavu haya lakini ukivuta kope la chini ndani peupe, damu imepungua. Baada ya mwaka nusu lita hivi ya maziwa kwa siku inatosha, tumbo linalobaki ni la chakula. Na chai muiache kabisa, inazuia chuma kwenye chakula kisifyonzwe mwilini.

Halafu kuna usafi. Chuchu ile ina kona, mafuta ya maziwa yanaganda mle, lazima uwe na brashi yake na uchemshe. Kikombe unakipitishia sabuni na maji safi unaona kwa macho kama kimetakata. Ndo mana sisi kliniki miaka yote tunaimba kikombe na kijiko, kikombe na kijiko, hata WHO na UNICEF walipoanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto mwaka 1991 mojawapo ya zile hatua kumi ilikuwa mtoto anayenyonya asipewe chuchu za bandia. Na hili halitoki kwetu tu ambako maji ni shida, madaktari wa watoto wa Marekani nao wanasema kikombe kianze miezi 6 hivi na chupa iwe imeisha kati ya miezi 12 na 18, Uingereza wao wanasema akishatimiza mwaka aachishwe chupa.

Sasa nije kwako mwanangu. Huyu anayepaliwa. Kwanza mtazame, anapaliwa mara moja moja akinywa haraka au anapaliwa kila anywapo, hata kwa ziwa la mama, na kifua kinakoroma? Kama ni hii ya pili mama yake ampeleke hospitali aangaliwe, usiendelee kumjaribishia. Kama ni hii ya kwanza basi ni namna ya kunywesha. Mpakate mapajani awe wima, kichwa kisirudi nyuma. Kikombe kiwe kidogo, weka maziwa nusu. Ukingo uguse mdomo wa chini tu, halafu inamisha mpaka maziwa yafike kwenye mdomo wa juu, ACHIA HAPO HAPO. Usimimine. Yeye mwenyewe atayafuata, wadogo sana wanaramba kwa ulimi kama paka na wakubwa wanapiga funda. Akimeza akapumua, unasubiri, kikombe kikae pale pale usikiondoe kila saa. Watu wengi wanamimina kama wanampa dawa ya mseto ndo mana anapaliwa.

Mwanzishe na kitu kizito kidogo kuliko maziwa, uji laini au mtindi usio na sukari kwenye hicho hicho kikombe, kinashuka polepole anapata muda wa kujifunza kumeza. Maji kidogo ya kunywa na chakula pia yanafaa kufanyia mazoezi, yakimwagika hakuna anayelia. Ila huyo wa miezi minne maji hapana, yeye ni maziwa tu mpaka afike sita.

Na ile chuchu iliyokatwa kwa wembe naomba uitupe leo. Uji ukipita kwenye chuchu ujue umeongezwa maji mpaka umekuwa mchuzi, mtoto anajaza tumbo maji yenye rangi ya uji. Uji wa mtoto ukiuchota unatakiwa ukae kwenye kijiko.

---

Kijukuu_cha_Bibi

Mweee hii ya kukata chuchu na wembe wifi yangu anafanya mpaka leo, ngoja nimtumie hii link kimya kimya

---

AntiWaMbagala

Dada MamaVitongo mimi pia nna kituo, ntakwambia kitu ambacho nesi wetu hajakigusa, sio kosa lake yeye alikuwa kliniki ana mtoto mmoja mbele yake na mama yake yupo.

Kwenye vituo chupa haiondoki kwa sababu inamsaidia mlezi. Tuseme ukweli. Chupa unampa mtoto unamlaza unaenda kumbadilisha mwingine pampasi, wengine wanaiegemeza kabisa kwa kanga iliyokunjwa ili isidondoke (hiyo usifanye kabisa kabisa, akipaliwa hana wa kumwinua). Kikombe hakikubali. Kikombe kinataka mtu akae chini, amshike mtoto, mikono yote miwili na macho. Kwa hiyo ukitoa chupa bila kubadilisha ratiba yako, utamwagiwa maziwa na utachukiwa na wazazi na utarudi kwenye chupa kabla mwezi haujaisha, nimeshaona vituo vingi vinaishia hapo. Swali la kikombe kipi ni la mwisho, la kwanza ni mikono ya nani itakuwa wazi saa ngapi.

Mimi ninavyofanya, sina wafanyakazi wengi kukuzidi. Wadogo hawali wote saa moja. Wawili wanakunywa wakati wakubwa wako nje na binti, wawili wengine wakubwa wakiwa wanakula, mana wakubwa wakishapewa sahani zao mtu mmoja anawatosha. Anayesubiri anakaa kwenye mkeka na kikombe kitupu cha kuchezea. Hicho kikombe kitupu usikidharau, anakigonga, anakitafuna, anakivaa kichwani, siku unayokuja kumwekea kitu ndani sio mgeni tena. Huyo wako anayekipiga kofi mpe kitupu kwanza siku kadhaa, na mkalishe mezani karibu na mkubwa anayejua kunywa. Watoto wanaigana balaa. Na wewe mwenyewe kunywa maji mbele yake kwa kikombe kinachofanana na chake, utamwona anaanza kunyoosha mkono anataka cha kwako.

Mlo wa kuanzia ni wa mchana, saa nne au saa sita, mtoto kaamka vizuri na hajafikia kulia kwa njaa. Mtoto mwenye njaa kali hafundishiki, hata mtu mzima. Anza mlo mmoja tu, ukishakaa ndo unaongeza wa pili. Chupa ya kulalia iwe ya mwisho kabisa kuondoka, hiyo sio ya njaa ni ya faraja na ukianza nayo utalala na kilio. Na ukiiondoa weka kitu kingine pale, mimi anakunywa kwa kikombe, ananawishwa mdomo na mikono, halafu anapigwa pigwa mgongoni na kuimbiwa mpaka anasinzia. Mwanzo inachosha mno sikufichi.

Kitu kingine, usiwabadilishe wadogo wote kwa mkupuo. Chukua wale waliopita mwaka kwanza, hao wanakula chakula kwa hiyo hata maziwa yakiwashinda mlo mmoja hawakosi cha tumboni. Huyo wa miezi minne mwache mpaka wewe na binti mkono uwe umezoea.

Na kila mtoto kikombe chake, jina juu kwa plasta au rangi ya kucha, wakipokonyana mafua yanazunguka kituo kizima.

---

Mpwani254

Salaam kutoka Mombasa. Hivyo vikombe vya mdomo visivyomwaga mwenzangu umeuziwa chupa iliyovaa nguo nyingine! Ndani ya kile kifuniko mna kijimpira, hicho ndicho kizuizi, mtoto hapati kitu mpaka avute kwa nguvu vile vile avutavyo chupa, na yule wako aliyekuwa akivuta asipate akalia wala si mjinga, kijimpira kile vyengine vigumu hata mtu mzima hapati. Lakini usivitupe pesa zako bure. Fungua kifuniko, kitoe kile kijimpira, sasa kitateremsha chenyewe kikiinamishwa. Hicho ndicho kinachofaa, kitamwaga kidogo na acha kimwage, ndivyo atakavyojua kuwa kikombe hakigeuzwi ovyo.

Mie wanangu wote wamejulia kwenye kikombe cha kahawa. Vile vidogo visivyo mkono, wauza kahawa wanavyovigonganisha barabarani. Ukubwa wake wala hupati dukani kitu kilichotengenezewa mtoto kikashinda kile, ukingo mwembamba, na kinaingia funda tatu nne basi. Lakini vile ni vya udongo vinavunjika na wewe una watoto wa watu, kwa hivyo tafuta vya stili vidogo au hata vile vikombe vya plastiki vya kupimia dawa ya maji, vile vinaoshwa vizuri na waona ndani kiasi gani kimebakia.

Mrija pia wafaa kwa wa miezi tisa kumi na kuendelea, wengine waupenda zaidi kuliko kikombe. Lakini mrija wataka kijibrashi chake, na kwa watoto tisa utashinda karoni waosha mirija.

---

MamaK_Posta

Mimi niko upande wa wazazi, mtoto wangu ana miezi sita anakaa kituo (sio cha mleta mada). Naomba niwaambie huyo mama aliyekujia juu anaumwa na nini. Sheria ya kazi ya 2004 inatupa likizo ya uzazi siku 84, ukijifungua mapacha 100, yaani mtoto hajafika hata miezi mitatu wewe umerudi ofisini. Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri akupe mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha, wengi wetu tunayatumia kuwahi kutoka kwa sababu ofisi iko Posta na mtoto yuko Tabata huwezi kwenda kurudi. Kwa hiyo unakamua. Unakamua chooni kwenye ndoo iliyogeuzwa, unakamua alfajiri macho yamevimba, unapata mililita mia na ishirini kwa jasho. Halafu jioni unaikuta ile blauzi ya mtoto imekauka kaa kaa inanuka maziwa. Hapo hata ungekuwa malaika ungesema neno.

Kituo changu walichofanya mpaka nikatulia ni hivi. Hawamimini maziwa yote kwenye kikombe. Yanakaa kwenye chombo chake ndani ya friji, wanamimina kidogo kidogo, mililita thelathini hivi, akimaliza wanaongeza. Akimwaga amemwaga thelathini sio mia na ishirini, na yale ambayo hayajaguswa na mdomo wake yanabaki salama. Mana yaliyoguswa hayatunziki, ukipita masaa mawili tangu amalize kunywa yanamwagwa. Na joto la Dar usiyaache mezani, yale masaa manne wanayosema ni ya chumba cha nyuzi 25, hapa Januari jikoni kwako hakuna nyuzi 25.

Pia wana daftari. Kila mtoto ukurasa wake, amekunywa kiasi gani, kwa kikombe au chupa, amemwaga kadirio kiasi gani, amekojoa mara ngapi. Nikifika jioni nasoma dakika moja naondoka. Kabla ya daftari nilikuwa naona kama ananidanganya, na yeye alikuwa anaona namsumbua.

---

BabaPacha_Kimara

Nesi nimekusoma na hiyo ya kope nimeenda kuwaangalia wote wawili sasa hivi, mmoja peupe kweli au ni taa za hapa ndani sijui. Ila hamjanijibu, usiku wakiamka saa nane wanataka chupa na mimi kesho nna kazi, nifanyeje? Kikombe saa nane ya usiku gizani?

---

NesiMstaafu

Baba, huyo mwenye peupe mpeleke kituo cha afya wapime wingi wa damu, ni tone tu la kidoleni, usimnunulie dawa ya kuongeza damu dukani kwa kukisia. Nenda na kadi yao ya kliniki.

La usiku, wana umri gani? Kama wameshapita mwaka na wanakula vizuri mchana hawaamki kwa njaa, wanaamka kwa mazoea, ndo walivyozoea kurudi usingizini. Hakikisha jioni wameshiba chakula, maziwa wanywe kwa kikombe kabla ya kulala, wapigwe mswaki, basi. Wakiamka wape maji. Kama hauwezi kuondoa chupa usiku wiki ya kwanza basi iwe na maji matupu ndani, maziwa yawe kwa kikombe peke yake. Wengi wakikuta ni maji wanaona haina faida ya kuamkia. Ila usije ukafanya ujanja wa kuyaongeza maji maziwa ya kopo ili yasiwe matamu, kipimo cha kopo kikiharibiwa mtoto anakosa chakula chake, nimeshapokea wodini watoto waliokonda na nyumbani kopo lipo.

---

BabaPacha_Kimara

Mwaka na miezi minne. Basi sawa. Mkisikia kelele Kimara leo usiku ni mimi.

---

MamaVitongo

Asanteni sana wapendwa, nimeyasoma yote mara mbili na binti nimemsomea kwa sauti.

Kijimpira nimekitoa kweli dada Mpwani na huyo aliyekuwa anavuta bila kupata leo amekunywa kidogo akacheka, yaani akanigeukia kama anauliza kumbe ndo hivi? Daftari nimeanza, nimelichora mistari kwa rula. AntiWaMbagala umenigusa penyewe, mimi nilikuwa nawapa wote saa nne pamoja ili nimalize niende jikoni, ndo mana mmoja anapaliwa mwingine analia mwingine anamwaga. Kuanzia Jumatatu naanza na wale watatu waliopita mwaka tu, saa nne wawili na saa tano mmoja, hao wengine waendelee na chupa zao lakini wamepakatwa, hakuna kulala nayo.

Wazazi nimewaandikia kwenye grupu la watsap, nimewaambia chupa ya chai sipokei tena na uji wauletee kwenye hotipoti mzito mimi nitalisha kwa kijiko na kikombe. Mmoja kajibu na emoji ya kidole gumba, mmoja kauliza je ada itapungua 😂. Yule mama aliyenijia juu nimempigia simu badala ya kuandika, nikamweleza ile ya thelathini thelathini, kanyamaza kidogo halafu akasema sawa anti tujaribu, na ataleta vichombo vidogo vidogo badala ya chupa moja kubwa.

Swali langu limebaki moja, Nesi shikamoo mama. Uji ukiwa mzito wa kukaa kwenye kijiko huyu wa miezi nane hauwezi kwa kikombe, unaganda tu pale, nikiongeza maji unakuwa mchuzi uliousema. Hapo inakuwaje?

---

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo ndo pa kimea, watu wamekisahau siku hizi. Taasisi ya Chakula na Lishe walikihimiza sana zamani vijijini. Unaloweka ulezi usiku mmoja, unaumwaga maji, unaufunika kwa kitambaa kibichi mpaka uchipue siku mbili tatu, unauanika unakauka kabisa, unasaga. Tumia ulezi, mtama chipukizi zake zina sumu lazima zitolewe zote kwa hiyo usijisumbue nao. Unapika uji wako mzito kama kawaida, unautoa jikoni upoe uwe vuguvugu la kuweza kuonja, unatia kijiko kimoja cha chai cha ule unga wa kimea unakoroga. Utaona kwa macho yako unalegea, ule uliokuwa unasimama kwenye mwiko unaanza kutiririka na hujaongeza tone la maji, unga ni ule ule na nguvu ni ile ile. Ukishalegea urudishe jikoni uchemke tena kidogo kuua vijidudu, poza, mpe kwa kikombe.

---

AntiWaMbagala

Hiyo nami naichukua. Kwangu nilikuwa natumia karanga iliyosagwa kulainisha, ila kuna watoto wawili karanga inawatoa vipele.

---

BabaPacha_Kimara

Samahani, kimea si ndo kile wanachopikia pombe?

---

NesiMstaafu

Ndo hicho hicho baba. Ila uji wa mtoto hauachwi ukachacha, dakika kumi unarudi jikoni. Wa kwako wewe ndo unaachwa.